Gololi za Bennington Hazikutoka Bennington

Kwenye minada ya vitu vya kale kaskazini mashariki mwa Marekani, gololi hizi hazikosekani. Ni za udongo, nyingine kahawia, nyingine buluu, zina madoadoa na zinang'aa. Muuzaji atakwambia ni "Bennington", na atalitamka jina hilo kwa uhakika wa mtu aliyekuwepo siku zilipotolewa tanurini. Bennington ni mji mdogo wa jimbo la Vermont, na kweli uliwahi kuwa na wafinyanzi waliosifika. Tatizo ni kwamba hakuna ushahidi kuwa kuna mfinyanzi wa mji huo aliyewahi kutengeneza gololi hizo.

Jina lenyewe lilitokana na mfanano tu. Mwaka 1849 Christopher Webber Fenton, mfinyanzi wa Bennington, alipewa hataza ya njia yake ya kuingiza rangi kwenye mng'aro wa vyombo, yaani lile tabaka la kioo linalofunika udongo baada ya kuchomwa. Kiwanda chake, ambacho baadaye kiliitwa United States Pottery Company, kilitoa majagi, vinara vya mishumaa na sanamu za wanyama zenye madoa ya kahawia yaliyochuruzika. Kilifungwa mwaka 1858. Wakusanyaji wa baadaye walipoona gololi zenye madoa kama yale, waliwakumbuka mafundi wa Fenton, wakazibandika jina la mji wao. Na hata ule mng'aro wa kahawia haukuzaliwa Vermont. Waingereza walikuwa nao zamani, wakiuita Rockingham kwa jina la mkabaila wa Yorkshire ambaye ardhi yake ndiyo iliyobeba kiwanda kilichosifika kwa mng'aro huo. Kwa hiyo gololi imepewa jina la mji isikotoka, kwa sababu inafanana na jagi ambalo nalo lilikopa sura kutoka ng'ambo.

Sehemu kubwa ya gololi hizo ilitoka Ujerumani. Nyingine zilitoka Ohio. Ipi ni ya wapi, hilo ndilo swali linalowakesha wakusanyaji na wanaakiolojia, na ni gumu kuliko linavyoonekana.

Ugumu wake unaanza na umbo. Sahani ina kitako, na kwenye kitako fundi hugonga muhuri wake. Chungu kina shingo, mdomo na mishikio, na kila mji wa ufinyanzi una namna yake ya kuvimalizia. Gololi haina juu wala chini. Ni kitu kidogo, cha mviringo, kilichouzwa kwa wingi kwa senti moja, na hakuna fundi aliyeona sababu ya kuweka jina lake pale. Katika nchi nyingi za Ulaya ilikuwa kazi ya pembeni: mfinyanzi akibakiwa na udongo, na tanuri likibakiwa na nafasi kati ya vyombo vikubwa, watoto wa nyumbani walivingirisha madonge viganjani na kuyajaza humo. Nani aandike kumbukumbu za kazi ya namna hiyo?

Kwa hiyo mtafiti analazimika kuisoma gololi yenyewe, na jambo la kwanza ni kutambua udongo wake. Kuna aina tatu zinazokutwa mara kwa mara. Ya kwanza ni udongo wa kawaida, uliochomwa kwa joto la nyuzi 900 hadi 1,100 hivi za Selsiasi. Gololi za aina hii ni nyepesi kidogo, hazina mng'aro, na zina vinyweleo: dondoshea tone la maji, litanyonywa mbele ya macho yako. Rangi yake hufuata madini. Udongo wenye chuma kingi hutoka mwekundu au kahawia, usio na chuma hutoka krimu au kijivu. Nyingine zilitiwa rangi nyekundu, kijani, buluu au manjano ili zimvutie mtoto dukani, na leo rangi hiyo mara nyingi imebaki vipande vipande.

Aina ya pili ni udongo mgumu, ule unaovumilia joto la nyuzi 1,200 hadi 1,300 mpaka chembe zake zikayeyukiana na kuziba vinyweleo vyote. Maji hayaingii. Ukigonganisha gololi mbili za namna hii utasikia mlio mkavu wa jiwe. Hizo zinazoitwa Bennington ziko katika kundi hili. Aina ya tatu ni kauri nyeupe, iliyochomwa kwa joto kubwa zaidi kisha ikachorwa kwa mkono: mistari myembamba inayokatana, duara ndani ya duara, majani, mara chache ua. Kauri hizi kwa kawaida ni za Ujerumani, na kati ya aina zote tatu ndizo ambazo asili yake haileti ubishi mkubwa.

Wapo wanaopima unyonyaji wa udongo kwa kuugusa kwa ncha ya ulimi, mtindo wa wafinyanzi wa zamani. Nashauri uachane nao. Ming'aro mingi ya karne ya 19 ilikuwa na risasi, na tone la maji linatoa jibu lile lile bila kukuingizia sumu mdomoni.

Baada ya udongo, umbo. Iviringishe gololi juu ya kioo kilicholala sawasawa. Iliyotengenezwa kwa viganja huyumba, kwa sababu haikuwahi kuwa duara kamili, na chini ya lenzi utaona mkunjo mdogo pale donge lilipojifunga, au hata alama ya ngozi ya kidole. Iliyopita kwenye kifaa cha kuvingirishia hukimbia kwa unyoofu zaidi. Iliyotoka kwenye kalibu ya vipande viwili huwa na mshono kiunoni, hata kama umesuguliwa.

Kisha kuna jicho, na hapa ndipo wengi hupoteza fedha. Gololi nyingi za udongo mgumu wenye mng'aro zina duara dogo moja, mawili au zaidi, ambapo mng'aro haupo na udongo umebaki wazi. Muuzaji asiyejua atalipunguzia bei akidhani ni ubovu. Muuzaji mjanja ataliongezea bei akisema ni pambo. Si ubovu wala pambo. Gololi zilimiminwa tanurini zikiwa zimelaliana, na pale zilipogusana mng'aro haukupata nafasi ya kutulia, au ziligandana na baadaye zikabanduliwa kwa nguvu. Jicho linatueleza kwamba fundi hakuihesabu gololi kuwa chombo cha kupangiwa nafasi yake. Gololi inayodaiwa kuwa ya karne ya 19, ya aina hii, lakini ina mng'aro laini pande zote bila kovu hata moja, inastahili kuulizwa maswali ya ziada.

Mng'aro nao una habari zake. Buluu ya kina hutokana na kobalti. Kahawia hutokana na manganizi na chuma. Ukiona uso wenye vinundu na vishimo vidogo kama ganda la chungwa, hiyo ni kazi ya chumvi: fundi aliitupa ndani ya tanuri lililokwisha kufikia joto kali, ikageuka mvuke, sodiamu yake ikashikana na silika ya udongo, na ngozi ya kioo ikajiumba yenyewe bila brashi. Wafinyanzi wa bonde la Rhine walikuwa na ujuzi huo karne nyingi kabla ya kuvuka nao Atlantiki.

Na hapo ndipo mtego ulipo. Hayo yote niliyoeleza yanakuonyesha gololi ilitengenezwa vipi. Hayakuonyeshi ilitengenezwa wapi. Udongo mgumu, kobalti, chumvi na majicho vilikuwepo Ujerumani na vilikuwepo Ohio, jimbo lililojaa wahamiaji kutoka Ujerumani katika karne hiyo hiyo. Mkono uliofundishwa upande mmoja wa bahari ulifanya kazi upande wa pili kwa desturi zile zile. Ndiyo maana simwamini mtu anayetazama picha moja ya gololi ya kahawia kisha akataja mji.

Ushahidi unaokubalika zaidi ni taka za tanuri. Kila tanuri lina siku zake mbaya: moto huzidi, mng'aro huchuruzika, gololi kumi hugandana kuwa bonge lisilouzika. Bonge hilo hutupwa nyuma ya kiwanda, kwa sababu hakuna mfanyabiashara atakayelisafirisha kuvuka bahari. Gololi nzima inaweza kuwa imetoka popote. Bonge la gololi zilizogandana, likichimbwa pembeni mwa tanuri, limetoka pale pale.

Mfano mzuri kuliko yote ni Akron, Ohio. Msomaji wa leo anaweza kuujua mji huo kwa matairi, maana Goodyear ilianzia huko mwaka 1898. Kabla ya mpira, Akron ulikuwa mji wa udongo. Ulitoa mabomba ya maji machafu, mitungi na majagi, na mfereji wa Ohio na Erie uliupitia katikati ukibeba bidhaa hizo. Mwaka 1884 Samuel C. Dyke alianza kutengeneza gololi za udongo humo kwa kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana Marekani. Badala ya donge moja moja kiganjani, vifaa vya kiwandani viliwezesha mfanyakazi mmoja kuvingirisha gololi kadhaa kwa mpigo. Bei ikaporomoka mpaka mtoto mwenye senti moja akaondoka dukani na gao zima. Hili lilikuwa jambo jipya: kitu cha kuchezea kilichomfikia mtoto wa kibarua kama kilivyomfikia mtoto wa tajiri. Watu wa Akron hadi leo hujigamba kwamba biashara ya kutengeneza vitu vya kuchezea kwa wingi Marekani ilianzia kwao, na kwa upande wa gololi sioni sababu ya kuwapinga.

Kampuni ya Dyke iliyofuata, American Marble and Toy Manufacturing Company, ilikuwa kando ya mfereji huo. Kwa masimulizi ya makumbusho ya gololi ya mji huo, kilele chake kilikuwa gololi milioni moja kwa siku. Mwaka 1904 moto ukakiteketeza kiwanda. Eneo hilo, linaloitwa Lock 3 kwa sababu ya lango la tatu la maji la mfereji, leo ni bustani ya umma katikati ya mji, na udongo wake umetoa gololi za kiwanda hicho. Kwa mtafiti, moto ule ulikuwa baraka ya ajabu. Uliacha chini ya ardhi bidhaa za fundi anayejulikana, mahali panapojulikana, na mwaka wa mwisho unaojulikana. Gololi ya udongo ikiokotwa kwingine, sasa kuna cha kuilinganisha nacho.

Upande wa Ujerumani picha imetawanyika zaidi, kwa sababu kazi ilikuwa ya miji na vijiji vingi. Großalmerode katika Hesse, mji uliojulikana Ulaya nzima kwa vyungu vya kuyeyushia madini, ulitengeneza pia gololi za udongo. Thuringia ilikuwa na viwanda vya kauri tangu miaka ya 1760, na mji wake wa Sonneberg ulikuwa kitovu cha biashara ya vitu vya kuchezea, ambapo wafanyabiashara walikusanya kazi za mafundi wa milimani na kuzipeleka nje. Gololi ikipita kwenye ghala la Sonneberg ilipoteza jina la kijiji chake hapo hapo. Tena kabla ya 1871 hapakuwa na nchi moja ya Ujerumani. Palikuwa na falme na dola ndogo, kila moja na serikali yake. Anayesema gololi yake ni ya mwaka 1850 na "imetoka Ujerumani" anataja eneo ambalo wakati huo lilikuwa na serikali kadhaa.

Kuna mshindani mwingine anayewachanganya watu: gololi za mawe. Huko Marktschellenberg, Bavaria, karibu na Salzburg, kuna kinu cha maji kilichoanza kazi mwaka 1683 na kinazunguka mpaka leo. Vipande vya mawe huwekwa kwenye mifereji ya mviringo iliyochongwa katika jiwe la chini, na juu yake gurudumu la mbao linazungushwa na maji ya mto. Baada ya siku kadhaa vipande hutoka vikiwa duara. Vinu vya aina hiyo vilikuwepo pia upande wa Thuringia na Coburg, na gololi zake za kijivu na krimu, zikishachakaa na kuchafuka, zinafanana mno na za udongo. Dawa yake ni siki. Kwangua unga kidogo kwa ncha ya sindano mahali pasipoonekana, udondoshee siki. Jiwe la chokaa litatoa povu. Udongo kwa kawaida hautatoa, ingawa upo udongo wenye chembe za chokaa unaotoa povu hafifu, kwa hiyo kipimo hiki kisisimame peke yake.

Kwa upande wa tarehe, kazi kubwa imefanywa na Wamarekani. Mark Randall alichapisha utafiti kuhusu gololi za awali katika jarida la Historical Archaeology mwaka 1971. Baada yake Jeff Carskadden na Richard Gartley, waliofanyia kazi zao Ohio, walichukua gololi za kauri kutoka maeneo yenye tarehe zinazojulikana na kupanga michoro yake kwa mfuatano wa wakati, kitu ambacho wanaakiolojia walikuwa wamezoea kufanyia vigae vya vyungu tu. Maeneo yenyewe si ya kuvutia. Moja ya hazina kubwa za elimu hii ni mashimo ya vyoo vya nyuma ya nyumba, ambamo watoto wa karne ya 19 walidondosha gololi zao na hakuna mzazi aliyekuwa tayari kuzifuata.

Maabara nayo ina la kusema. Kila machimbo ya udongo yana mchanganyiko wake wa elementi zilizomo kwa kiasi kidogo mno, na vipimo vya nyutroni au vya eksirei vinaweza kuusoma. Ila kipimo hakisemi "Akron" wala "Hesse". Kinasema udongo huu unafanana na ule, na ili useme hivyo lazima "ule" uwe umekwisha kupimwa. Tunarudi kwenye taka za tanuri. Na kuna suala la pesa: gharama ya kupima inazidi mbali thamani ya gololi ya kawaida ya udongo, ambayo wakusanyaji huiweka kwenye bakuli la vitu vya bei ya chini.

Njia rahisi zaidi ni kuangalia kilichobeba gololi. Sheria ya alama za biashara ya Uingereza ya mwaka 1887 ilizilazimisha bidhaa za nje zijitambulishe, na ndipo "Made in Germany" ilipoanza kuonekana kila mahali. Marekani ikafuata kwa sheria ya ushuru ya McKinley ya 1890, iliyotaka bidhaa zilizoagizwa zioneshe nchi zilikotoka. Gololi yenyewe haikuandikwa, lakini boksi au mfuko wake uliandikwa. Boksi la zamani lenye maandishi, hata likiwa limechanika, lina thamani kubwa kwa mtafiti kuliko gololi zilizomo. Wanaotupa maboksi na kubakiza gololi kwenye chupa ya maua wamefuta cheti kwa mikono yao.

Mwisho wa biashara hii ulikuja haraka. Lauscha, pale pale Thuringia, palikuwa na mkasi maalumu wa kukatia gololi za kioo tangu 1846, na kioo kilianza kuushinda udongo kwa uzuri. Kisha Martin F. Christensen, mtu wa Akron, akapata hataza ya mashine ya gololi za kioo mwaka 1905, na kioo kikaanza kuushinda udongo kwa bei pia. Vita vya 1914 vikafunga bandari za Ujerumani. Kiwanda cha Christensen chenyewe hakikuvuka 1917, lakini Wamarekani wengine walikuwa wamekwisha kushika soko, na gololi za kioo zilizoenea baadaye, hata hizi tulizochezea uani Mombasa, Tabora na Bujumbura, ni za ukoo wa mashine na si za ukoo wa mfinyanzi.

Kwa Mswahili anayeishi Ohio, Pennsylvania au Bavaria, na anayepita kwenye masoko ya mitumba ya Jumamosi, ushauri wangu ni huu. Ukiikuta gololi ya udongo ikiwa bado ardhini au kwenye kifusi, usiisugue kwa brashi ya chuma. Andika imeokotwa wapi na pamoja na vitu gani, kwa sababu habari hiyo haipatikani tena ikishaingia mfukoni. Ukiikuta mezani kwa muuzaji, muulize ilichimbwa wapi kabla hujauliza bei. Akikujibu kwa jina la Bennington, lipa bei ya gololi ya Ujerumani isiyojulikana kijiji chake. Akikuonyesha bonge la gololi zilizogandana kutoka Akron, pamoja na maelezo ya mahali lilipopatikana, hapo unaweza kuongeza dau.